Siku niliyolinda kituo kwa mizinga ya pua

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu kumi na mmoja na televisheni moja.

Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa video. Video ipo. Najua ipo kwa sababu niliona simu tatu zimeinuliwa juu, na mojawapo ilikuwa ya Bi Zuhura, ambaye siku zote anasema hajui kurekodi. Leo alijua.

Kwa wasionifahamu vizuri (ni wengi, maana sisemi sana), mimi ni Hamisi. Naishi Gungu, nafanya kazi Kibirizi. Asubuhi napokea mitumbwi ya dagaa inaporudi kutoka ziwani. Mchana kazi ikiisha, napita kwenye kibanda cha Bi Zuhura. Upande mmoja anauza maandazi, upande mwingine anachaji simu za watu, na katikati ameweka mabenchi mawili na televisheni. Pale ndipo tunapocheza vita vya angani.

Mchezo wenyewe unataka akili kuliko vidole. Timu mbili, watu wanne kila upande, kila mtu na simu yake. Kila timu ina kituo chake angani, kama mji mdogo unaoelea. Ukivunja kituo cha wenzako, umeshinda. Mmoja anachimba chuma kwenye mawe yanayoelea, mmoja anapeleleza, mmoja anashambulia, na mmoja anabaki nyumbani kulinda kituo. Simu ya kiongozi inaunganishwa na televisheni, inaonyesha uwanja mzima, ili waliokuja kutazama waone na waliokuja kula maandazi wapate la kusema.

Wiki ijayo timu yetu inakwenda Kasulu kucheza na vijana wa huko. Wanakwenda watu wanne tu. Mimi ni wa tano. Nimekuwa wa tano tangu timu ianze.

Lakini mlinzi wetu, Baraka, amepanda boti kwenda Kagunga kumwona bibi yake anayeumwa, na hajui atarudi lini. Basi Jumatatu, Shabani akaniita pembeni. Shabani ndiye kiongozi wetu, ni fundi simu, ana sauti ya mtu mzima ingawa tumelingana umri.

"Alhamisi tunacheza na Ujiji," akasema. "Utalinda wewe. Ukilinda vizuri, nafasi ya Kasulu ni yako."

"Sawa," nikasema.

Nilisema sawa tu, lakini moyoni nilikuwa nimeshapanda basi, nimeshashuka Kasulu, nimeshavaa sweta kwa baridi ya huko. Sijawahi kuchaguliwa kwenda mahali popote mimi. Shule ya msingi walipokuwa wanachagua watu wa kwenda kwenye mashindano, mimi nilikuwa mtu wa kubaki na ufunguo wa darasa.

Sasa shida yangu ilianzia kwenye mizinga.

Kabla mchezo haujaanza, mlinzi anachagua mizinga ya meli zake. Ipo ya aina mbili. Kuna ile inayofungwa mbele ya meli na haigeuki. Ukitaka kupiga kushoto, unageuza meli nzima. Sisi pale kibandani tunaiita ya pua. Halafu kuna ile inayokaa mgongoni mwa meli na kuzunguka yenyewe, inamfuata adui kokote anakokwenda. Hiyo tunaiita ya shingo. Ya pua inapiga kwa nguvu mara mbili na inakula chuma kidogo. Ya shingo inapiga kidogo kidogo na inakula chuma kama mchwa wanavyokula mlango.

Kwa chuma ambacho mlinzi anapewa, ningeweza kupata meli kumi na mbili za pua, au meli saba za shingo.

Siku tatu niliwaza hilo tu. Niliwaza nikiwa ndani ya maji. Niliwaza nikila. Niliwaza hata nikiwa kwenye swala (Mungu anisamehe, rakaa mbili zile sikumbuki nilisoma nini). Jana mama aliniuliza kama nina mchumba. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi kama si mchumba, ni homa," akanichemshia majani.

Leo saa nane nikafika kibandani. Shabani alikuwa anafunga waya wa televisheni.

"Umeshachagua mizinga?" akaniuliza.

"Bado."

"Weka shingo. Mshambuliaji anajua anakokwenda. Mlinzi hajui adui atatokea wapi. Umenielewa?"

"Ndiyo."

Eliya, mshambuliaji wetu, alikuwa ameegesha bodaboda yake mlangoni na kunyoosha miguu juu yake. Eliya anaongea kwa niaba ya watu wawili, nadhani yeye na mimi.

"Sikiliza, sha, rafiki yangu," akasema, "usije ukajitia unaweka pua. Pua ni zetu sisi tunaokwenda mbele. Wewe ni wa nyumbani. Wewe ni kama mama mwenye mji."

"Ndiyo," nikasema.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi husema ndiyo kwa kila mtu. Nimesema ndiyo kwa watu wanaouza vitu nisivyovihitaji. Nimewahi kumwambia ndiyo kinyozi aliyeniuliza kama ananiumiza, na wala hakuwa ananiumiza. Ndiyo yangu ni kama kikohozi, inatoka tu. Haina maana kwamba nimekubali.

Nikakaa mwisho wa benchi, nikageukia ukutani na simu yangu wasione, nikachagua pua.

Msinizomee bado. Nilikuwa na sababu. Kwanza, kumi na mbili ni zaidi ya saba. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili na niliifaulu. Pili, nyumbani nacheza peke yangu dhidi ya simu, kila siku kwa mizinga ya pua, na sikumbuki mara ya mwisho kushindwa. Kitu ambacho sikukikumbuka ni kwamba nikicheza peke yangu huwa nashambulia. Adui anakuwa ametulia mbele yangu, ananisubiri kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Ujiji wakaja na bodaboda mbili, wawili wawili. Kiongozi wao ni Mwanaidi. Ni fundi cherehani, mpole, anaongea taratibu, na alikuja na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Aliwasalimia wote kwa mkono. Alipofika kwangu akasema, "Habari za leo, kaka?" Nikajibu. Yaani midomo ilitikisika. Sauti sijui ilikwenda wapi.

"Huyu ndiye mlinzi wenu mpya?" akamuuliza Shabani.

"Ndiye. Haongei, lakini anajua kazi."

Anajua kazi! Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

Bi Zuhura akatoa maandazi, akatoa na onyo kwamba atakayemwaga chai kwenye benchi atalifuta kwa ulimi. Watu watatu wa mtaani wakaingia kutazama. Mchezo ukaanza.

Meli zangu kumi na mbili zikatokea karibu na kituo chetu, zimetawanyika ovyo, moja huku, moja kule, nyingine imelalia ubavu. Kuziona hivyo mwili ukaniwasha. Na sasa niwaambie kazi yangu ya kila asubuhi, ili muone kosa lilipitia mlango gani.

Mtumbwi wa dagaa unapofika Kibirizi, unanikuta ndani ya maji hadi kiunoni. Naudaka puani. Naivuta ile pua mpaka mchangani, injini inabaki upande wa maji. Unakuja mwingine, hivyo hivyo, ubavu kwa ubavu na wa kwanza. Unakuja mwingine, hivyo hivyo. Pua zote nchi kavu, mikia yote ziwani. Mwenye mitumbwi, Mzee Ntakije, akikuta mmoja umepinda anasimama mbele yake kimya mpaka mwenyewe uone haya ukaunyooshe. Hii kazi nimeifanya miaka mitatu. Mikono yangu haijui kupanga chombo kwa namna nyingine yoyote.

Basi vidole vikaanza kazi. Sikuvituma. Nikaikamata meli ya kwanza, nikaivuta taratibu mpaka pua ikagusa ukuta wa kituo. Nikaleta ya pili, nikaibananisha ubavuni. Ya tatu. Ya nne. Ya saba ilikuwa imepinda kidogo, nikairudisha nyuma, nikaiingiza upya. Mpaka nafika ya kumi na mbili, zilikuwa zimejipanga mstari mmoja. Pua zote zimegusa kituo. Mikia yote imeelekea kwenye anga ambako maadui wanatoka.

Nikajiegemeza ukutani. Nilihisi ile raha ninayoihisi asubuhi kazi ikiwa imekwisha na jua halijawa kali.

"Yoo, tazameni!" Bi Zuhura akasema akiwa ameshika koleo la kugeuzia maandazi. "Zimepangika kama za Kibirizi!"

Watazamaji wakageuka kwenye televisheni. Mmoja akatikisa kichwa kwa kusifu. Mwanaidi naye akainua macho kutoka kwenye simu yake, akatazama meli zangu kwa muda, mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida.

"Mpangaji huyu namheshimu," akasema.

Nikatabasamu. (Niliutabasamia utepe wake, si uso. Uso ningeanzaje?)

Mtauliza, wenzangu je, hawakuona? Hawakuona. Shabani alikuwa anachimba chuma, kichwa kimezama kwenye simu. Mpelelezi wetu alikuwa amepotea nyuma ya mawe na anaona haya kusema. Eliya alikuwa mbali mbele, anapiga kelele, "Nawala! Nawala hawa!" ingawa kila baada ya muda alikuwa anaomba meli nyingine.

Dakika kumi zikapita kwa amani. Nikala andazi. Nikala la pili. Nikafikiri kwamba kulinda ni kazi inayonifaa kabisa mtu kama mimi. Unakaa kwenu, hakuna anayekusemesha.

Halafu zikatokea meli ndogo tano za Ujiji. Zilitoka kule kwenye mikia.

"Hamisi!" Shabani akasema bila kuinua kichwa. "Mlio wa hatari huo, ni kwako?"

"Ndiyo."

"Meli ngapi?"

"Tano."

"Tano tu? Zimalize."

"Ndiyo."

Nikajaribu kugeuza meli ya kwanza. Sasa, meli ya pua inageuka kama lori kwenye uchochoro, na hii haikuwa na hata uchochoro, nilikuwa nimeibana mimi mwenyewe kwa ustadi wangu. Ikageuka kidogo, ikaigonga ya pili. Ya pili ikaigonga ya tatu. Kukawa na mlio kama wa masufuria yanayoporomoka kwenye kabati, ukafika mpaka ya kumi na mbili, halafu zote zikatulia pale pale, mstari wangu haujavunjika hata kidogo. Nilivyokuwa nimezibana, hata mawimbi ya Tanganyika yasingezitoa.

Meli za Mwanaidi zikaanza kupiga mikia yangu. Tak, tak, tak. Bila haraka, kama anashona.

"Hamisi, mbona hupigi?" Sasa alikuwa Eliya.

"Napiga."

"Hupigi!"

"Nitapiga."

"Piga zote kwa pamoja, we! Kitufe chekundu! Piga!"

"Piga!" akasema Shabani.

"Piga, mwanangu!" akasema Bi Zuhura, ambaye hajawahi kucheza mchezo huu hata siku moja.

Kitufe chekundu kinafyatua mizinga ya meli zako zote kwa mara moja. Hakiulizi meli inatazama wapi. Watu watatu walikuwa wameniambia piga, na mimi nimeshawaeleza nilivyo. Nikasema ndiyo, nikafumba macho kama mtu anayechomwa sindano, nikabonyeza.

Jamani, mlipuko!

Sijawahi kuusikia mlipuko wa namna ile kwenye kile kibanda. Spika ya televisheni ilikoroma. Chai ilitetemeka kwenye vikombe. Nilipofumbua macho, kioo cha simu yangu kilikuwa cheupe chote kwa moshi. Nikatazama televisheni. Nayo nyeupe. Halafu pale katikati ya moshi likachomoza jina, kwa herufi kubwa za njano, na nyota inayozunguka juu yake.

HAMISI.

Jina langu! Mchezo huu humpa nyota mchezaji aliyebomoa kitu kikubwa kuliko wote. Kila mara anaipata Eliya au mtu mwingine. Mimi sijawahi. Nikaona maana yake ni moja tu: meli tano za Ujiji zimekwisha, pengine na kituo chao kimekwenda nazo, kwa jinsi mizinga ya pua ilivyo na nguvu. Tumeshinda. Kasulu nakwenda.

Hapo ndipo niliposimama juu ya benchi.

Mimi! Mimi ambaye nikitaka kushuka kwenye gari huwa nasubiri mwingine aseme "shusha" ndipo nishuke naye! Nikasimama juu ya benchi, nikainua mikono miwili, nikapiga yowe. Nilisema, "Kibirizi juuu! Mizinga ya pua juuu!" Kwa hiyo, pamoja na mengine yote, nikawa nimejitaja. Nikaruka chini. Nikamkumbatia Eliya. Alikuwa mkavu kama nguzo ya umeme. Nikadhani ni furaha imemzidi.

Halafu nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka navuta shuka usoni, na sasa hivi jua bado linawaka. Nilivuka kwenda benchi la Ujiji. Nikamnyooshea Mwanaidi mkono. Nikamwambia, kwa sauti safi kabisa, sauti ambayo sikujua ninayo, "Pole sana, dada. Msikate tamaa. Mmejitahidi."

Mwanaidi akanitazama. Akaupokea mkono.

"Asante, kaka," akasema. "Na nyie mmejitahidi. Hasa wewe."

Hakucheka. Mpaka sasa namshukuru kwa hilo. Alikaza midomo kama mtu aliyeshika pini kwa meno.

Ndipo nikagundua kibanda chote kimya. Hata mafuta ya maandazi sikuyasikia.

Mchezo huu una tabia moja mbaya. Ukiisha, unarudia tukio kubwa la mwisho, polepole, kutoka pembe tatu. Moshi ukaondoka kwenye televisheni. Zikaonekana meli kumi na mbili, nzuri, zimenyooka. Polepole, kutoka kwenye kila pua, ukatoka moto. Polepole, moto ukaingia kwenye ukuta wa kituo. Kituo kikapasuka katikati kama papai lililoanguka. Pembe ya pili ilionyesha hivyo hivyo kutokea juu. Pembe ya tatu ilitokea ndani ya kituo, kwenye dirisha, ambapo unaona pua kumi na mbili zinakutazama. Ile ilikuwa ya kutisha hata kwangu niliyezipanga.

Meli tano za Ujiji zilikuwa bado ziko nyuma, nzima kabisa. Zilikuwa zimeacha kupiga. Nadhani na zenyewe zilikuwa zinatazama.

Bi Zuhura akasogea kwenye televisheni na koleo lake, akakielekezea kituo kilichopasuka.

"Hamisi, mwanangu," akaniuliza kwa upole kabisa, "hiki si ndicho ulichokuwa unakilinda?"

Basi. Hapo kibanda kikalipuka mara ya pili.

Mtazamaji mmoja alikwenda kucheka nje kwa sababu ndani hakukuwa na hewa. Mmoja wa Ujiji alilala chini. Eliya alijitupa juu ya tangi la bodaboda yake, anapiga piga kiti kwa kofi, "Yebaba weee! Mama mwenye mji kachoma mji!" Shabani pekee hakucheka. Alikuwa amekunja mikono.

"Nilikwambia uweke nini?" akaniuliza.

"Shingo."

"Ukasemaje?"

"Ndiyo."

"Ukaweka nini?"

Nikatazama chini. Palikuwa na kipande cha andazi na sisimizi wawili. "Pua," nikawaambia wale sisimizi.

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikakaa juu ya gunia la mkaa la Bi Zuhura. Nilipanga kukaa pale mpaka wote waondoke, au mpaka nihamie mkoa mwingine, chochote kitakachotangulia.

Sijakaa hata dakika tano, simu ikaita. Mzee Ntakije.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hamisi, kuna mama mmoja wa dagaa huku ananionyesha video. Ameitoa kwenye stetasi ya Zuhura." Nyuma yake nilisikia wabeba mizigo wote wa Kibirizi, kila mmoja namjua kwa kicheko chake. "Hivi vyombo umevipanga wewe?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vimenyooka," akasema.

"Asante, Mzee."

"Sasa hivi vidogo vinavyokuja huku nyuma ni vya nani?"

"Vya Ujiji, Mzee."

"Ego, nimeelewa. Ni maadui?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na nyumba hii mbele ni yenu?"

"Ndiyo, Mzee."

Nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kuuliza swali moja zaidi, kisha akaamua kuniachia heshima yangu. "Haya," akasema. "Kesho uwahi."

Nilikuwa bado nimeshika simu sikioni, hakuna mtu upande wa pili, Shabani alipokuja. Akakaa kwenye gunia la pili.

"Mimi sikasiriki kwa sababu ya pua," akasema. "Umeona zilivyofanya? Kituo kile mimi na Eliya tumewahi kukipiga kwa majaribio dakika nzima hakijaanguka. Wewe umekiangusha kwa mara moja."

"Kilikuwa chetu," nikasema.

"Kilikuwa chetu, ndiyo. Ninachosema ni kwamba ungeniambia, 'Shabani, mimi shingo siziwezi, nataka pua,' ningekutuma mbele, Eliya akalinda. Lakini wewe unanijibu ndiyo halafu unageukia ukutani. Mtu wa hivyo siwezi kwenda naye Kasulu. Sitajua tunacheza mchezo upi. Baraka amepiga simu, bibi yake hajambo, Jumapili anapanda boti. Atalinda yeye."

Sweta nikalivua pale pale. Kwenye lile basi nikashuka. Nilitaka kusema ndiyo, kama kawaida. Ilishafika kwenye ulimi.

"Nataka kwenda," nikasema.

Shabani akageuka.

"Nataka kwenda Kasulu," nikasema tena. "Nataka kushambulia. Kwa pua. Naweza kumshinda Eliya."

Sijui ile sentensi ya mwisho ilitoka wapi. Nadhani lile yowe la kwenye benchi lilikuwa limefungua kitu kooni na bado hakijajifunga.

"Mimi usiniambie," Shabani akasema, anainuka. "Kawaambie ndani."

"Ndani wako wote?"

"Wote. Na Ujiji wanamalizia chai."

Nilirudi. Nilidhani nimeshamaliza kuaibika kwa leo, kumbe bado kulikuwa na akiba. Nilisimama mlangoni, kila mtu akanikodolea macho, na sauti ikanikatika katikati ya jina la Eliya, ikatoka kama ya kuku. Lakini niliyasema yote matatu: nataka kwenda, nataka kushambulia, nataka kucheza na Eliya mmoja kwa mmoja, atakayeshinda aende.

Eliya alicheka kwanza. Halafu akaona Shabani hacheki. Halafu akasikia Mwanaidi wa Ujiji akisema taratibu, huku anakunja utepe wake, "Mimi ningekuwa wewe ningeogopa. Huyu kitu kikiwa mbele yake hakiponi."

Basi imekubaliwa. Jumamosi saa tisa alasiri, kibandani kwa Bi Zuhura, mimi na Eliya. Sijashinda chochote bado. Inawezekana kabisa Jumapili nikawa wa tano tena, na safari hii kwa haki. Eliya ameshaanza kuwaambia watu wa kijiwe chake waje kutazama. Mama naye amesikia, anasema atakuja na jirani, na sijui nitamzuiaje.

Mnaotaka kucheka chekeni leo mmalize, maana Jumamosi nitahitaji watu wa kunishangilia. Karibuni wote. Ila mkifika, tafadhali kaeni nyuma yangu.